Mpira, Sabuni na Staha
Yuko mgonjwa ambaye, tangu uti wa mgongo wake ulipodhurika, kibofu chake hakimtii tena; naye, kila baada ya saa nne hadi sita, hunawa mikono kwa kipande cha sabuni, akajitia mwenyewe mpira mwembamba, akautoa mkojo, kisha akarejea shambani kwake. Mwaka 1972 tabibu Jack Lapides wa Marekani alibainisha ya kwamba usafi wa kawaida, pamoja na kukiondolea kibofu mzigo wake kwa wakati, watosha kwa kazi hiyo, pasipo glavu za upasuaji. Basi mgonjwa huyo anapokawia msalani tusimsaili wala kumdhihaki. Tumpe maji, faragha na subira, kwani staha nayo ni dawa.