MAKALA YA MBABULA ZETU NA WALINZI WA VIRUNGA

Bismillahi Rahmani Rahim. Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, Mola wa viumbe vyote. Rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), jamaa zake na masahaba wake wote.

Ndugu zangu Waislamu, wababa na wamama. Ninaiusia nafsi yangu kwanza, kisha ninyi, tumche Mungu. Tumche hapa msikitini, tumche sokoni, na tumche jikoni pia.

Ijumaa ya tarehe 24 Aprili 2020 wengi wetu tunaikumbuka. Ramadhani ilikuwa inaingia na misikiti ilikuwa imefungwa kwa ajili ya korona. Siku hiyo, karibu na Rumangabo, walinzi wa hifadhi ya Virunga walikuwa njiani wakirudi kituoni. Wakakuta raia wanashambuliwa barabarani, wakaingia kuwasaidia. Wakauawa walinzi 12, dereva mmoja na raia 4. Hata mwaka haujaisha, tarehe 10 Januari 2021, wakauawa wengine 6 wakiwa doria, vijana ambao hakuna aliyepita miaka 30. Kwa jumla hifadhi hiyo imezika walinzi zaidi ya 200.

Mtu atasema: Shehe, hao wengi si Waislamu, na ngagi si mbuzi wetu. Inatuhusu nini?

Ndugu yangu, umepika kwa nini asubuhi ya leo? Sehemu kubwa ya makala inayouzwa Goma imetoka katika miti ya hifadhi hiyo. Mti unakatwa, unapangwa, unafunikwa udongo, unachomwa siku nyingi, halafu unabaki gunia chache. Gunia linapita kwenye vizuizi vya watu wenye silaha, na kila kizuizi kinachukua chake. Feza hiyo inanunua risasi. Mwisho gunia linapanda chukudu, linafika mlangoni kwetu, na sisi tunauliza bei tu. Julai 2007 ngagi wa familia ya Rugendo walipigwa risasi, pamoja na dume lao kubwa, Senkwekwe. Hawakuchukuliwa nyama. Waliofuatilia habari ile waliona kwamba ilihusu makala: ngagi wakiisha, hakuna tena sababu ya kulinda msitu.

Mola wetu ametujulisha katika Sura ya Al-An'am kwamba wanyama na ndege nao ni umma kama sisi. Na Mtume (s.a.w.) aliuwekea mji wa Madina mipaka, akakataza miti yake isikatwe na mawindo yake yasifukuzwe. Mipaka ile iko kati ya nchi mbili za mawe meusi ya volkano. Sisi watu wa Goma, tuliojenga nyumba juu ya mawe ya mwaka 2002, tunaielewa nchi ya namna hiyo bila kueleza sana!

Sayyidna Umar (r.a.) naye alikuwa na eneo la malisho lililokatazwa, akamweka mlinzi, mtumishi wake aliyeitwa Hunayy. Maagizo aliyompa yanafaa kusomwa na kila mlinzi na kila mkubwa. Alimwambia awahurumie watu, aogope dua ya aliyedhulumiwa. Mwenye ngamia wachache na kondoo wachache amruhusu kuingia. Lakini matajiri asiwape nafasi, hata wawe masahaba wakubwa, maana tajiri akipoteza mifugo ana mashamba na mitende ya kurudia, na maskini hana kitu.

Hapo ndipo penye uzito wa jambo letu. Najua wazee wanaosema kwamba mwaka 1925 Mbelgiji alipoweka hifadhi alifunga ardhi ya babu zao. Neno hilo si la kuchekwa. Najua pia mjane anayebeba kuni mgongoni ili watoto wale, na najua kwamba wapo walinzi wanaokula rushwa. Kila mmoja ana hesabu yake. Lakini yule anayetuma lori usiku, anayewapa vijana bunduki na misumeno naye amelala nyumbani kwake, huyo hawezi kujificha nyuma ya mgongo wa mjane. Na kama yuko katika safu zetu leo, ajue kwamba sadaka anayotoa kwa feza hiyo haimsafishi.

Hasara tumekwisha kuionja. Katika miaka ya 1970 viboko wa Virunga walikaribia 29,000. Kufika mwaka 2006 walikuwa chini ya 1,000. Mavi ya kiboko ndiyo yanayorutubisha maji na kulisha samaki. Waulizeni wavuvi wa Vitshumbi nyavu zao zinaleta nini. Lakini pale watu walipolinda kwa kweli, Mungu alitia baraka: hesabu ya ngagi wa milimani iliyotangazwa mwaka 2018 ilipita 1,000, pamoja na wale wa Rwanda na Uganda.

Sasa niseme aibu yetu wenyewe. Ramadhani iliyopita jiko la msikiti huu lilipika futari kwa makala, gunia baada ya gunia, na mimi niliyesimama mbele yenu sikuuliza hata mara moja yametoka wapi. Tumekaa na wazee wa kamati. Tangu leo jiko la msikiti litanunua makala ya miti iliyopandwa tu, kwa muuzaji tunayemjua, hata kama bei itapanda. Wamama wa kamati wataonyesha mbabula inayokula makala kidogo, Jumapili baada ya adhuhuri, uwanjani. Na mwenye shamba upande wa Masisi au Rutshuru aje tuongee habari ya miche.

Ewe Mola, wape subira wajane na mayatima wa walinzi hawa, wa dini yetu na wa dini nyingine. Wape riziki ya halali wale wanaoingia msituni kwa njaa. Amina.

Sanduku la mayatima hao litakuwa mlangoni leo na Ijumaa ijayo.