Mbegu Ghalani na Njaa Mlangoni

Twapenda kuwaletea walimu wenzetu, pamoja na wanafunzi wanaojifunza nasi lugha hii, swali ambalo hujadiliwa katika madarasa ya Jinja na Mbale kila zinapokaribia mvua za mwezi Machi. Swali lenyewe ni jepesi kulitamka na zito kulijibu. Je, mtu aliyeishiwa chakula chote ana haki ya kula mbegu aliyoiweka kwa ajili ya kupanda?

Wapo wasemao kwamba hapa hapana swali: uhai hutangulia, na maiti hapandi. Wapo pia wasemao kwamba alaye mbegu amekula chakula cha watoto wake wa kesho, na kwamba afadhali kulala na njaa kuliko kuamka bila shamba. Kauli zote mbili zina uzito. Hata hivyo, twaona kwamba zote mbili zimelichukua jambo hili kana kwamba lamhusu mtu mmoja na kibuyu chake, ambapo sivyo. Kabla ya kuhukumu yafaa kwanza tuijue mbegu yenyewe.

Mbegu si chakula kilichowekwa kando tu. Ni kiumbe hai kinachopumua polepole, na kadiri kilivyo na unyevu, na kadiri mahali kilipohifadhiwa palivyo na joto, ndivyo kinavyoumaliza uhai wake kwa haraka. Wataalamu wana kanuni ya makadirio: kwa mbegu zinazokubali kukaushwa, kila unyevu upunguapo kwa asilimia moja, umri wa mbegu huongezeka karibu mara mbili, na kila joto lipunguapo kwa nyuzi 5, umri huo huongezeka karibu mara mbili tena. Wazee wetu hawakuiandika kanuni hii, bali waliifuata. Waliichagua mbegu wakati wa mavuno, wakaianika juani mpaka punje ikawa ngumu kwa jino, kisha wakaitundika juu ya meko ambapo moshi huwafukuza wadudu. Wimbi hasa lilipendwa Busoga na katika nchi ya Bugisu, kwa kuwa punje zake ni ndogo mno, wadudu hawaziwezi kwa urahisi, na likihifadhiwa vizuri hudumu miaka mingi.

Methali yatuambia kwamba akiba haiozi. Kwa mbegu methali hii ina kasoro, na mwalimu aifundishaye afadhali aiseme kasoro hiyo. Chukua punje 100 kutoka kibuyu cha zamani, zifunge katika kitambaa kilicholowa maji, uzihesabu baada ya wiki moja. Kama zimechipua 40 tu, basi mwenye kibuyu ana mbegu 40, hata kama macho yake yanaona 100. Hivyo mtu aweza kujinyima chakula, akavumilia njaa kwa ushujaa mkubwa, akilinda kitu ambacho kilikwisha kufa mikononi mwake. Jambo hili latupasa tuwe waangalifu tunapowasifu wavumilivu.

Mfano mkubwa wa watu waliokataa kula mbegu hautoki kwetu. Mtaalamu wa Urusi, Nikolai Vavilov, alisafiri katika nchi nyingi kukusanya mbegu za mimea ya chakula. Mwaka 1927 alifika hata Ethiopia, jirani yetu. Mbegu zake zilihifadhiwa katika taasisi moja mjini Leningrad. Majeshi ya Ujerumani yalipouzingira mji huo, tangu Septemba 1941 hadi Januari 1944, watu walikufa kwa njaa kwa mamia ya maelfu. Kadhaa miongoni mwa wafanyakazi wa taasisi hiyo walikufa pia, wakiwa wamezungukwa na mchele, ngano na karanga. Dmitri Ivanov, aliyekuwa mlinzi wa mpunga, alikuwa mmoja wao. Vavilov mwenyewe alikuwa amekamatwa na serikali yake tangu mwaka 1940, akafa gerezani Saratov mwaka 1943.

Wanafunzi wakisikia habari hii husema mara moja: basi jibu limepatikana, mbegu hailiwi. Sisi hatukubaliani nao. Watu wale wa Leningrad walijinyima wao wenyewe. Walikuwa watu wazima, waliijua thamani ya walichokilinda, na kila mmoja aliuweka mezani uhai wake mwenyewe. Mama mwenye kibuyu kimoja cha wimbi na watoto watatu wanaolia hana hiari ya namna hiyo. Akikataa kukifungua, si nafsi yake tu anayoinyima. Mtu aweza kuifia mbegu, lakini hana idhini ya kumfanya mwingine aifie. Kwa hiyo twasema wazi kwamba mama huyo akikifungua kibuyu chake, hana kosa.

Je, lipo kosa mahali popote? Lipo, nasi twaona kwamba liko nje ya nyumba yake. Mwaka 1908 njaa kubwa iliipiga Busoga, nchi ikiwa imekwisha kudhoofishwa na ugonjwa wa malale. Baada ya njaa ya namna ile ardhi hubaki, jembe hubaki, hata mvua hurudi. Kinachokosekana ni mbegu, nayo haiwezi kutoka popote isipokuwa kwa yule ambaye bado anayo. Ghala la kweli la mbegu za kijiji halikuwa kibuyu cha mtu yeyote, bali vibuyu vyote kwa pamoja. Mtu akifikia kula mbegu yake, ina maana kwamba majirani walikwisha kumwona akimaliza chakula, wakanyamaza. Waswahili husema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Lakini kumpa mtu jembe na kumnyima mbegu ni kumdhihaki.

Bila shaka msomaji atauliza: na majirani nao wakiwa hawana? Ukame hauchagui nyumba. Ndiyo sababu ghala lapaswa kuwa pana kuliko kijiji. Uganda ina hifadhi ya taifa ya mbegu pale Entebbe, na tangu mwaka 2008 liko ghala la dunia nzima katika visiwa vya Svalbard, kaskazini ya mbali, ndani ya mlima wenye barafu. Vita vya Syria vilipoitenga hifadhi iliyokuwa karibu na mji wa Aleppo, watafiti wake waliomba mwaka 2015 warudishiwe sehemu ya mbegu walizokuwa wameziweka Svalbard. Wakazipanda Lebanon na Morocco, wakavuna, na kuanzia mwaka 2017 wakarudisha nyingine mahali pa zile walizochukua. Hakuna aliyewashutumu kwa kufungua kibuyu. Ni desturi ile ile ya kukopa mbegu wakati wa kupanda na kulipa wakati wa mavuno, ila imekuzwa.

Lakini ziko mbegu zisizokubali ghala lolote. Kokwa ya fenesi, tunda lililojaa kila mahali Jinja, ukiikausha kama wimbi umeiua. Mbegu ya kahawa ya Arabika, ambayo Bugisu inajulikana kwayo, nayo haivumilii kukaushwa sana wala baridi kali, na katika hali ya kawaida uwezo wake wa kuota hupungua sana baada ya miezi michache. Ghala la mbegu za namna hii ni udongo peke yake: ni lazima ipandwe, imee, izae, ipandwe tena. (Hatuwezi kujizuia kusema kwamba lugha ni mbegu ya namna hii. Mwaka 1973 Kiswahili kilitangazwa kuwa lugha ya taifa nchini Uganda, na mwaka 2005 Katiba ikakifanya lugha rasmi ya pili. Matangazo hayo ni ghala zuri, ila fenesi halimei ghalani.)

Hapo ndipo swali letu linapogeuka. Alaye wimbi la mbegu kwa njaa tumemsamehe. Tutasema nini juu ya akataye mvule? Miti hii iliipamba Busoga, na mingi imepasuliwa mbao. Popo hula matunda yake na kuzitawanya mbegu, kama vile ndege wanavyozitawanya mbegu za dungusi kakati yule wa pekee aliye mwenyeji wa Afrika, aningʼiniaye juu ya miti mingine msituni. Kazi hiyo haina mlinzi wala ghala. Tena mvule dume na mvule jike ni miti miwili mbalimbali. Mtu aweza kukata mti mmoja katika shamba lake mwenyewe, kwa haki yote ya sheria, na kwa kufanya hivyo akaufanya tasa mti wa jirani yake, ambao hakuugusa. Huyu hakuwa na watoto waliolia. Alikuwa na mnunuzi aliyengoja. Amekula mbegu ambayo haikuwa yake, wala hakuna aliyemwita mla mbegu.

Nasi twaona kwamba jina hilo lamstahili yeye kuliko mama mwenye kibuyu. Wako walimu katika kikao chetu waliopinga, wakisema kwamba bei ya mbao ndiyo iliyolipa karo ya shule, na kwamba njaa ina sura nyingi. Hoja hiyo hatuidharau. Tuliwaomba tu wakubali kwamba akataye apande, na apande wakati mbegu ingali mbichi. Mche wa mvule hauoneshi kama ni dume au jike mpaka mti utoe maua, na hilo huchukua miaka mingi. Kwa hiyo apandaye mmoja tu uani kwake atamhitaji jirani apande wa pili.