Tiketi ya Mlangoni na Haki ya Watoto

 

Ndugu wasomaji, nimeletewa barua na mtu aliyesoma kwangu chuoni Unguja zamani, naye sasa anakaa Marekani katika jimbo la Ohio, yeye na mkewe na watoto wao watatu. Anasema kila shule zikifungwa watoto humwomba awapeleke Florida, kwenye bustani za michezo za Disney, kwa sababu wenzao wa darasani huenda na wakirudi huwahadithia. Amepiga hisabu akaona fedha aliyo nayo haitoshi. Basi kwa miezi tisa sasa anafanya kazi ghalani usiku, na Jumamosi na Jumapili anaendesha teksi, na upungufu utakaobaki anakusudia kuuziba kwa kadi ya mkopo. Mkewe hataki. Naye ananiuliza: "Maalim, nikiwanyima watoto wangu safari hii, nitakuwa nimewadhulumu? Na nikiwapeleka, nitakuwa nimefanya israfu?"

Jawabu nimeona niitoe hapa, kwani swali hili si lake peke yake.

Kwanza tuondoe kosa walilo nalo baadhi yetu, khasa sisi walimu: kudhani kwamba mchezo ni upuuzi, na mzazi anayecheza na wanawe amepoteza wakati wake. Mtume s.a.w. alishindana mbio na Bibi Aisha r.a. Siku ya Idi alimwachia awatazame Wahabeshi wakicheza na mikuki yao msikitini, wala hakumharakisha mpaka mwenyewe alipochoka. Mjukuu wake alimpanda mgongoni akiwa katika sijida, naye akairefusha sijida ile mpaka mtoto alipotosheka. Na Al-Aqraa bin Habis alipojisifu kwamba ana watoto kumi na hajapata kumbusu hata mmoja, alikemewa kwa kukosa huruma. Tena tumefundishwa kwamba katika fedha zote anazozitoa mtu, zenye ujira mkubwa ni zile anazowatumilia watu wa nyumbani kwake. Kwa hiyo kuwafurahisha watoto ni ibada kwa mwenye nia njema, wala halina ubishi. Lililo na ubishi ni bei, na njia ya kuipata.

Tuitazame hiyo bei. Walt Disney alisimulia mwenyewe kwamba fikra ya bustani yake ilimjia pale alipokuwa akiwapeleka binti zake wawili kwenye pembea ya farasi wa mbao katika Griffith Park, mjini Los Angeles. Wao walizunguka pembeani, na yeye alikaa kwenye benchi akila njugu na kuwatazama. Akawaza kwamba pangefaa pawepo mahali ambapo wazazi na watoto watacheza pamoja. Disneyland ilifunguliwa California mwaka 1955, na kiingilio cha mtu mzima kilikuwa dola 1. Ile ya Florida ilifunguliwa mwaka 1971 kwa kiingilio cha dola 3.50. Kwa uadilifu ni lazima tuseme kwamba zama hizo kila mchezo ulilipiwa mbali kwa tiketi yake, mpaka utaratibu huo ulipoachwa mwaka 1982. Lakini hata tukikumbuka hayo, na tukakumbuka kwamba vitu vyote vimepanda, dola 3.50 za mwaka 1971 ni kama dola 28 za leo. Na mwaka 2023 tiketi ya siku moja ya Magic Kingdom, bustani ile ya kwanza ya Florida, ilifika dola 189 kwa siku zenye watu wengi. Na Oktoba 2024 ile ya California ilifika dola 206. Mtoto akishatimiza miaka 10 hulipiwa kama mtu mzima. Basi kwa bei ile ya 2023 watu watano walihitaji zaidi ya dola 900 kwa siku moja, kabla ya kula, kabla ya kulala, na kabla ya safari ya kilomita zipatazo 1,500 kutoka Ohio.

Mwenye uwezo huo, fedha yake ni ya halali, zaka yake ameitoa, jamaa zake hawana njaa, na baada ya safari nyumba yake haitetereki, huyo sina la kumlaumu. Bustani zile zimetengenezwa kwa ustadi mkubwa, na furaha ya watoto ni neema. Nitamnasihi jambo moja tu, nalo ni la foleni.

Zamani kila aliyeingia alisubiri zamu yake katika foleni, tajiri na maskini. Mwaka 1999 palitolewa vikaratasi vya kumwezesha mtu kurudi saa maalumu asisimame sana, navyo vilikuwa bure kwa kila mwenye tiketi. Mwaka 2021 utaratibu ule ulikomeshwa, na njia ya mkato ikawa ya kununuliwa. Mwisho wa mwaka 2024 ilitolewa pasi ya kupita njia za mkato zote, ambayo kwa siku zenye watu wengi kabisa bei yake ilifika dola 449 kwa mtu mmoja, juu ya ile tiketi ya mlangoni. Sisemi kwamba ni haramu, kwani pale ni sokoni, si msikitini, na muuzaji na mnunuzi wameridhiana. Lakini mtoto anajifunza kwa macho kabla ya masikio. Sisi tunamlea katika safu ya sala, ambamo aliyetangulia hukaa mbele hata akiwa mchukuzi, na ambamo anayeruka shingo za watu siku ya Ijumaa huambiwa akae chini kwa kuwa anawaudhi. Basi mzazi ajihadhari asije akamlipia mwanawe somo la kwamba mwenye fedha hangoji pamoja na watu.

Ama yule asiyekuwa na uwezo, ambaye ndiye aliyeniandikia, jawabu yake ni nyengine.

Mwenyezi Mungu amewasifu waja wake ambao wakitoa hawafujii wala hawabani, bali hukaa katikati. Na katikati ya mtu hupimwa kwa mfuko wake mwenyewe, si kwa mfuko wa jirani. Fedha ile ile yaweza kuwa wastani kwa huyu na israfu kwa yule. Tena Mtume s.a.w. alikuwa akiomba kinga kwa Mola wake juu ya deni, akaeleza kwamba mdaiwa hufikia kusema uwongo na kuvunja ahadi. Ikiwa hivyo ndivyo alivyoliogopa deni tupu, vipi deni lenye riba? Mwaka 2024 kadi za mkopo huko Marekani zilitoza kwa wastani zaidi ya asilimia 20 kwa mwaka kwa deni lisilolipwa kwa wakati wake. Atakayelipa kidogo kidogo atakuwa amekula haramu na kulipia mara mbili, na watoto wamekwisha kusahau.

Nimeelezwa kwamba mwaka huo wa 2024 kampuni ya LendingTree iliwauliza watu waliokwenda Disney. Karibu robo yao walisema waliwahi kuingia katika deni kwa ajili ya safari hiyo, na kwa wazazi wenye watoto wadogo ilikuwa asilimia 45. Wengi wa waliokopa walisema hawajuti. Huenda msomaji akaniambia: ikiwa wenyewe hawajuti, sheikh unawalilia nini? Namjibu kwamba mtu hujutia kile anachokiona. Anayoiona ni picha ya mwanawe anacheka. Asizoziona ni zile siku ambazo hakuwapo nyumbani wakati zinatafutwa fedha za picha hiyo.

Na hapa ndipo penye moyo wa barua ile. Mwanangu huyu kwa miezi tisa anarudi nyumbani watoto wanaondoka kwenda shule, na wakirudi yeye yumo katika teksi au amelala. Anawauzia watu siku zake mia mbili na zaidi, ili awanunulie watoto siku tatu. Lakini katika barua hiyo hiyo ameniandikia, bila ya kuulizwa, kwamba anachokikumbuka zaidi katika Idi za utotoni ni marehemu baba yake alivyokuwa akimpeleka Mnazi Mmoja kwa baskeli, akasimama chini ya pembea amemshikia makubadhi yake mpaka ateremke. Pembea yenyewe haikumbuki rangi yake. Baba anamkumbuka. Na yule Mmarekani kwenye benchi lake, kabla hajajenga chochote, alikuwa amekwisha kuwapa binti zake kile ambacho watu leo wanakikopea: baba aliyekaa karibu akiwatazama.

Basi mwanangu, jawabu yangu ni hii. Kuwanyima safari hiyo si dhuluma. Haki ya mtoto kwako ni chakula, mavazi, malezi, elimu, huruma, na wewe mwenyewe. Bustani ya Florida haimo katika haki hizo. Ni ziada, na ziada haikopewi riba. Mkeo amesema kweli, msikilize. Iache hiyo teksi ya Jumapili kuanzia wiki hii. Waite watoto uwaambie wazi, kwa upole, kwamba fedha hatuna, na deni katika nyumba yetu hatuliingizi. Hawatakufa kwa kuusikia ukweli, na siku moja utawafaa. Kisha toka nao. Jimbo lako lina bustani za maumbile zaidi ya 70 ambazo hazitozi kiingilio, na kaskazini yake kuna ziwa Erie, ambalo mtoto akisimama ufukoni haoni ng'ambo. Chukua siku tatu, pika chakula nyumbani, salini pamoja chini ya miti, na simu yako iweke mbali. Na siku Mola atakapokukunjulia riziki, ukitaka nendeni Florida, wala usiwe na wasiwasi.

Bei za milango ya dunia zinapanda, na wenye milango hawatuulizi. Lililo katika mikono yetu ni kujua tunakwenda kununua nini, na kama kitu hicho hatukuwa nacho nyumbani.

Mwenyezi Mungu atujaalie wake na watoto walio kituo cha macho yetu, atuepushe na israfu na ubakhili, na atukinge na deni. Amin.