Nasaba na Kipimo cha Vinasaba

Amma baad. Tulipokwenda Thika na Ruiru kuwazuru ndugu zetu wa pwani waliohamia huko kwa kazi, alitujia baada ya darasa kijana mmoja wa Ruiru, mkononi ana karatasi ya bei za maabara. Ana watoto wawili. Majirani wamemnong'oneza ya kuwa mdogo hafanani naye, naye akataka tumruhusu ampime kwa siri, mama yake asijue. Tulizungumza naye hata magharibi ikaingia. Na kwa kuwa swali hili laulizwa hata Mombasa na Lamu, twaona yafaa tuliandike.

Kwanza, elimu hii isidharauliwe. Mtoto huchukua nusu ya vinasaba vyake kwa mama na nusu kwa baba. Mtaalamu hulinganisha sehemu kama 20, na alama isiyotoka kwa mama haina budi kutoka kwa baba. Zikikosekana kadhaa, huyo siye baba. Mwingereza Alec Jeffreys aliigundua njia hii mjini Leicester mwaka 1984, na jinai ya kwanza kupimwa kwayo ilianza kwa kumwokoa mtu: kijana mmoja alikwisha kukiri kumwua msichana, kipimo kikaonyesha siye, na mwuaji wa kweli akahukumiwa mwaka 1988. Basi na wajihadhari wanaofurahia ungamo la kituo cha polisi.

Kwetu Kenya, Kanuni ya Adhabu, kifungu cha 122A, yampa polisi wa cheo cha inspekta na zaidi uwezo wa kuamuru kwa maandishi mshukiwa wa kosa kubwa achukuliwe sampuli. Na huko Shakahola, ambako miili zaidi ya 400 ilifukuliwa tangu mwaka 2023, ni kipimo hiki kilichowarudishia baadhi ya jamaa maiti wao wakawazika.

Lakini kumtambua maiti ni jambo moja, na kumkana mtoto wa ndoa ni jambo jingine. Baraza la Fiqhi la Makka, katika kikao chake cha 16, Januari 2002, lilikubali kipimo kwa mtoto anayegombewa, watoto waliochanganywa hospitalini, na maiti wasiojulikana. Katika jinai pia, isipokuwa za hadd na kisasi. Likakataza kukifanya badala ya liani, au kuichunguza kwacho nasaba iliyokwisha kuthibiti. Mtoto ni wa kitanda cha ndoa. Mbedui mmoja alimjia Mtume (S.A.W.) akilalamika mkewe amezaa mtoto mweusi, Mtume akamwuliza rangi za ngamia wake, hata mwenyewe akakiri ya kuwa huenda asili ya mbali imevuta. Hakumruhusu kumkana kwa rangi tu. Je, majirani wa Ruiru wana hoja gani kubwa kuliko ya Mbedui yule?

Wala wasicheke wanaume wanaozaa nje kisha wakajificha nyuma ya vilemba vyetu. Katiba ya mwaka 2010, kifungu cha 53, yawabebesha baba na mama malezi sawasawa, wawe wameoana au hawakuoana, na mahakama zaamuru kipimo. Juni 2025 Mahakama ya Juu, katika shauri lililotoka Mombasa, iliamua watoto wa Mwislamu waliozaliwa nje ya ndoa wasinyimwe urithi kwa sababu hiyo. Sisi hatukubali kwamba mirathi hugawiwa hivyo. Walakini twauliza: ni wangapi katika wanaopiga kelele waliomwandikia mtoto huyo wasia katika ile thuluthi waliyoruhusiwa? Twawajua wengi waliokufa bila ya kumwachia hata ada ya skuli.

Yule kijana aliuliza la mwisho: na akipima, akaona siye? Tulimwambia karatasi ya maabara haitamtengua mtoto. Njia ni liani, asimame mbele ya Kadhi ajiapize laana, na mkewe aape kinyume chake, kisha watengane wasirudiane abadani. Aliinama kitambo kirefu. Kisha akatuuliza kama mtoto wa miaka minne aweza kuanzishwa chuo.