Riziki ya Ndege na Haki ya Mpiga Picha

Yako maswali yaonekanayo madogo mpaka yapimwe kwa mizani ya dini na akili, na moja katika hayo ni hili: mtu asimamaye na kamera mbele ya kinda la ndege anayekula matunda ya mwituni, ana haki gani juu ya kiumbe yule, na ana wajibu gani kwake? Wengi watajibu upesi kuwa picha haimpunguzii ndege unyoya wala tonge, na kwa hivyo hapana haki wala wajibu wa kutajwa. Mimi sikubaliani na jibu hilo.

Zamani taswira ya ndege ilinunuliwa kwa roho ya ndege. John James Audubon, ambaye kitabu chake kikubwa cha ndege wa Marekani kilitolewa baina ya mwaka 1827 na 1838, aliwapiga risasi ndege aliotaka kuwachora, akawatungika kwa nyaya wakae mfano wa walio hai, ndipo akashika kalamu na rangi. Kamera iliondoa dhuluma hiyo. Huko Uingereza, tangu mwaka 1892, ndugu wawili, Richard na Cherry Kearton, walipiga picha za viota na ndege mahali pao wenyewe, hata wakapata kujificha ndani ya ngozi ya ng'ombe iliyotengenezwa kwa kazi hiyo, ili ndege wasitishike. Ulamaa wa Kiislamu nao wakauliza kama picha ya namna hii imeingia katika taswira ya viumbe hai iliyokatazwa na dini. Na Sheikh Muhammad Bakhit al-Muti'i, aliyekuwa Mufti wa Misri kutoka mwaka 1914 mpaka 1920, alitoa hoja kuwa picha ya kamera ni kivuli kilichozuiwa tu, wala si umbo lililobuniwa na mkono wa mtu. Hoja hiyo yamtosha mwenye kamera. Lakini mwenye kivuli bado hajaulizwa.

Mtazame basi kinda la shore, ndege wa kichwa cheusi na manyoya ya njano chini ya mkia, katika siku zake za kwanza nje ya kiota. Rangi zake zimefifia, mkia haujatimia urefu, na pembe za mdomo wake zingali nene kama zilivyokuwa alipokuwa akilishwa. Ametua juu ya tawi la mswaki, amwona mamaye, atetemesha mbawa kuomba. Mama asipokuja, ajinyosha mwenyewe, adona tunda dogo jekundu, lamponyoka na kuanguka, adona jingine, atupa kichwa nyuma na kulimeza zima pamoja na kokwa yake. Riziki imeandikwa na Mola, walakini kinda huyu anajifunza kwamba iliyoandikwa nayo hutafutwa.

Mti nao hautoi bure. Nyama ya tunda ni ujira wa mchukuzi, kwa maana kokwa iliyomezwa hapa huangushwa kwingine, mbali na kivuli cha mti mzazi, ikapata nafasi ya kuota. Kwa hivyo baina ya mti na ndege pana mapatano yaliyowekwa na Muumba wa wote wawili, na mpiga picha ni mtu wa tatu, aliyeingia bila ya kualikwa, asiyeleta tunda wala kuchukua kokwa. Asiye na cha kulipa katika mapatano ya wenziwe, adabu ndiyo malipo yake.

Na adabu hiyo huvunjwa kwa njia nyingi. Yuko asogeaye hatua baada ya hatua mpaka ndege aruke. Yuko akataye majani yaliyomsitiri ili taswira itoke safi. Yuko apigaye sauti ya ndege iliyonaswa ili kumvuta kinda atoke mafichoni. Mwili mdogo hauna akiba kubwa, na kinda afukuzwaye mtini asubuhi hupoteza chakula na hudhihirika mbele ya mwewe. Imepokewa katika Sunan ya Abu Dawud kwamba baadhi ya masahaba, wakiwa safarini, walichukua makinda mawili ya ndege, na mama yao akaja akipigapiga mbawa. Mtume, rehema na amani zimshukie, alipoona hayo aliuliza ni nani aliyemhuzunisha, akaamuru makinda yarejeshwe. Ikiwa huzuni ya ndege mmoja ilitosha kutolewa amri hiyo, haraka ya mpiga picha ina udhuru gani?

Nakiri kuwa picha ina manufaa makubwa, kwa sababu watu wengi hawalindi wasichokijua, na kinda aliyeonekana vizuri katika taswira aweza kuwaokolea wenziwe mti na kichaka. Ila manufaa ya baadaye hayahalalishi madhara ya sasa kwa kiumbe asiyeweza kushitaki.

Basi, ndugu msomaji, ukishika kamera mbele ya ndege alaye, simama mbali, acha majani yake yalivyo, na umngoje. Akikatiza kula kwa sababu yako, rudi nyuma. Akizidi kutaharuki, ondoka bila ya picha wala usinung'unike. Haki ya kinda ya kula ni kubwa kuliko haki yetu ya kumwona akila.