Farasi wa Mfalme na Matrekta ya Bustani



Katika Kumbukumbu la Torati, mlango wa 17, Musa awawekea Waisraeli sheria ya mfalme, na ilhali mfalme hawakuwa naye bado, wala hawakuwa wamevuka Yordani. Jambo la kwanza analomkataza mfalme mwenyewe si uuaji wala uzinzi, maana hayo yalikuwa yamekwisha katazwa kwa watu wote. Amkataza habari ya farasi. Sisi tuliofundisha somo la dini miaka mingi twakumbuka jinsi watoto walivyokuwa wakicheka tukifika hapo. Farasi ana kosa gani?

Basi tusome polepole, kama tulivyofundishwa chuoni. Mfalme hakuambiwa asiwe na farasi. Aliambiwa asijizidishie. Kosa halimo katika jina, limo katika kitendo. Farasi mmoja ni chombo cha kazi, na wawili huenda wakahitajika. Lakini iko hesabu fulani ambayo mtu akiipita, si yeye tena anayefuga farasi, bali farasi ndio wanaomfuga yeye. Musa hakuitaja hesabu hiyo. Nasi twadhani hakuitaja kwa makusudi, maana angesema kumi, wafalme wote wangenunua kumi hata kama haja yao ni ya watatu.

Tumelileta jambo hili kwa sababu ya mwanafunzi wetu mmoja wa zamani, mtoto wa parishi hii, aliyepata Kipaimara hapa hapa. Sasa yuko Marekani, jimbo la Indiana, afanya kazi ya uuguzi, ana mke na watoto wawili. Alituandikia kwa simu, lakini kwa urefu wa barua, naye ametupa ruhusa tuyaeleze mradi tusimtaje jina. Alianza hivi: "Shikamoo Mwalimu. Nina matrekta saba na nyasi za nyumba moja."

Msomaji wa hapa atashangaa. Trekta tunalolijua sisi ni lile kubwa la kulimia, ambalo kijiji kizima hulingoja kwa zamu. Lakini kule yako matrekta madogo ya bustani, ambayo mtu mzima akikaa juu yake magoti humpanda karibu na usukani. Baada ya vita kuu kwisha mwaka 1945, watu wengi wa kule walijenga nyumba nje ya miji, kila nyumba na uwanja wake wa nyasi, na viwanda vikaona biashara. Pale South Bend, katika jimbo hilo hilo la Indiana, kampuni ya Wheel Horse ilianza kutengeneza vitrekta vyekundu. Mwaka 1961 International Harvester, waliokuwa wakitengeneza matrekta makubwa ya mashambani, walitoa kidogo chao kiitwacho Cub Cadet, na mwaka 1963 John Deere wakafuata na kile walichokiita 110. Vyote viwili hivi vilianza na injini ya nguvu za farasi 7.

Mwaona? Nguvu za farasi. Kijana wetu ana saba vya namna hiyo. Mfalme Sulemani hakuwa peke yake.

Tuseme haki kwanza, maana mhubiri akidharau asichokijua hasikilizwi. Vyombo vile vya zamani ni vizuri. Vilitengenezwa kwa chuma kizito, na mtu mwenye spana na subira aweza kuvifungua na kuvifunga tena hata vikafanya kazi baada ya miaka 50 au 60. Kijana wetu alijifundisha kusafisha kabureta, kubadili mkanda, kupiga rangi upya. Mikono iliyokesha na wagonjwa usiku kucha yapata pumziko katika chuma ambacho hakilalamiki. Hilo si dhambi. Bwana wetu mwenyewe alikuwa mtu wa karakana. Na kukifufua kitu kilichotupwa magugu yakiota juu yake ni kazi inayofanana kidogo na ya Mungu, kama mtu akiifanya kwa unyenyekevu.

Basi uovu uliingia wapi? Twamwachia mwenyewe aeleze, kwa kuwa ameeleza vizuri kuliko tungalivyoweza sisi. Cha kwanza alikinunua kwa ajili ya nyasi. Cha pili kilikuwa kibovu, akakitaka kwa vipuri tu, ili cha kwanza kisikwame. Lakini alipokifungua akakuta injini yake bado nzima, akasikitika kukichinja. Akakitengeneza. Sasa alikuwa na viwili vizima na hana vipuri, kwa hiyo akatafuta cha tatu cha kuchinja. Ndugu, hapo tulicheka hata mama wa nyumbani akaja kuuliza kuna nini. Cha nne kilikuwa bei ya kutupa. Cha tano kilikuja na plau yake. Cha sita alikitaka kwa sababu ya rangi. Kwa maana kati ya mwaka 1969 na 1971 John Deere waliviuza vingine vikiwa vyeupe, na mnunuzi akachagua boneti na kiti cha rangi nyekundu, ya machungwa, buluu au manjano, ndipo akaonyeshwa chenye kiti cha buluu. Cha saba hakumbuki vizuri kwa nini.

Tazameni jinsi kila hatua ilivyokuwa na sababu yake. Hakuna hata siku moja aliyosema, "Leo nitakwenda nikatamani." Tamaa ya namna hii haiji na pembe kichwani. Huja na mfuko wa vipuri mkononi na kusema ni busara. Na urahisi wa bei ndio mtego wenyewe. Kitu cha bei kubwa mtu hukiwaza, akauliza mkewe, akaenda benki. Kitu rahisi humwingia mlangoni kabla hajakaa chini kufikiri.

Lakini kitu hakikai bure. Katika Kitabu cha kwanza cha Wafalme, mlango wa 10, twasoma ya kuwa Sulemani alikusanya magari ya vita 1,400, na wapanda farasi 12,000, na ya kuwa farasi mmoja kutoka Misri aligharimu shekeli 150 za fedha. Wengi huishia hapo wakistaajabia utajiri wake. Rudini nyuma mlango wa 4. Pale pameandikwa nani aliwalisha wale farasi: maakida 12, kila mmoja mwezi wake, walileta shayiri na majani kutoka katika mashamba ya watu. Farasi hula hata siku ambazo hakuna vita. Kisha endeleeni hadi mlango wa 12, Sulemani akiwa amekwisha kufa, mwone watu wakimjia mwanawe Rehoboamu kumwomba alipunguze lile kongwa zito. Alipokataa, makabila 10 yalikwenda zao. Sababu zilikuwa nyingi, lakini twaamini shayiri ya farasi ilikuwa mojawapo.

Trekta la bustani halili shayiri. Lakini petroli ikikaa ndani yake miezi mingi huchacha na kuziba kabureta. Betri hufa. Panya hufanya viota katika injini na kutafuna waya. Matrekta saba yana matairi 28, nayo hupasuka kwa jua yasipotembea. Kutu ile ambayo Bwana wetu aliitaja alipofundisha juu ya hazina, katika Mathayo 6, haijali kama chombo ni cha kale au cha jana. Na shayiri ya matrekta haya yalipwa na nani? Mke wake ameeleza kwa upole mno, naye alituandikia peke yake. Hakulia juu ya fedha hasa. Alisema gari lake hulala nje katika theluji, kwa kuwa banda limejaa, naye hutoka alfajiri kukwangua barafu kwenye kioo kabla ya kumpeleka mtoto shule. Tena alisema: "Mwalimu, tukiwa safarini yeye huangalia nyuma ya nyumba za watu kama kuna trekta. Watoto wamsemesha, hasikii."

Hapo hatukucheka. Fedha yaweza kurudi. Mtoto anayesema na baba yake naye hasikii, miaka hiyo hairudi.

Tulipomjibu hatukumwambia auze vyote. Mtu anayeng'oa magugu kwa hasira hung'oa na mahindi. Wala hatukumwambia aombe tu, ingawa aombe. Tulimrudisha kwenye mlango ule ule wa 17. Maana mara tu baada ya kumkataza mfalme farasi na wake na fedha, Musa ampa dawa, nayo ni dawa ambayo mwalimu yeyote ataipenda: mfalme na aandike. Ajiandikie nakala ya torati, akae nayo, aisome siku zote za maisha yake. Kwa nini asisomewe na makarani? Kwa sababu mkono ukiandika pole pole, moyo hupata nafasi ya kufika. Sisi tulianza kazi enzi za Elimu ya Kujitegemea, kila shule na shamba lake, na kila mwisho wa mwaka tulihesabu majembe ya shule katika daftari: yaliyopo, yanayofanya kazi, yaliyovunjika. Mwalimu aliyekuwa akiomba majembe mapya alikuwa akinyamaza ghafla akiona safu ya pili na ya tatu kwa mwandiko wake mwenyewe.

Kwa hiyo tulimwagiza anunue daftari la kawaida. Kila trekta lipate ukurasa wake: lilifanya kazi gani mwaka huu, kwa saa ngapi, limekula fedha kiasi gani, na nani alilikosesha nafasi. Na kila tamaa mpya iandikwe humo pia, pamoja na tarehe, kisha amsomee mkewe kwa sauti baada ya siku 30, na asilipe hata senti moja kabla ya siku hiyo. Siyo kwamba mke ni polisi. Ni kwa kuwa tamaa haipendi kusomwa kwa sauti. Akani, katika Yoshua 7, aliona, akatamani, akatwaa, kisha akafukia chini ya hema. Yeye aliiba, na kijana wetu hakuiba; lakini ile njia ya kuona hadi kuficha ni ile ile, na ukimkuta mtu aficha risiti ya kitu alichokinunua kwa fedha yake halali, jua ya kwamba amekwisha fika mbali.

Liko na jambo jingine katika maneno yake, ambalo yeye alilipita kwa mstari mmoja tu, nasi tuliona ndilo lenyewe. Kile cha kwanza aliuziwa na mzee mmoja aliyefiwa na mke. Mzee alimkalisha mchana kutwa, akampa kahawa, akamwonyesha kila nati, akamwita mwanangu. Kijana huyu alimzika baba yake kwa simu, akiwa ng'ambo, hakuweza kuja. Twauliza: katika vile vingine sita, alikuwa akitafuta chuma, au alikuwa akitafuta mchana mwingine wa namna ile? Duka haliuzi baba. Tulimwambia aende kwa yule mzee mikono mitupu, bila kununua chochote, akae. Manna ya jana, kama Kutoka 16 yasimulia, iliingia mabuu kwa wale walioiweka akiba. Ilitakiwa kwenda kuokotwa upya kila asubuhi. Upendo nao hauwekwi bandani.

Nanyi msomao hapa nyumbani msiseme haya ni ya Wamarekani. Mama mwenye doti za kanga sandukuni ambazo bado hazijaoshwa hata mara moja, naye siku ya gulio yu mbele ya meza tena. Baba mwenye redio nne mbovu juu ya kabati, zote "zasubiri fundi". Vyerehani visivyo na mikanda. Sisi wazee twapenda kusema kitu hakitupwi, na ni kweli, babu zetu hawakutupa. Lakini pia hawakununua vibovu ili wapate kutovitupa.

Kijana ameandika tena wiki mbili zilizopita. Matrekta mawili yamekwenda. Moja amempa jirani mjane, na jingine akauza, gari la mkewe likaingia ndani. Kile chenye kiti cha buluu amekataa kukitoa, nasi hatukumshurutisha. Kwa yule mzee amekwenda mara tatu. Safari ya tatu mzee alimwonyesha cha nane, na daftari bado linaihesabu siku ya 11. Tunaomba mmkumbuke katika Sala za Waumini Jumapili zijazo. Jina lake Padre analo.