Kivuli si Weusi

Nilipoacha chuo nikarudi Makongeni, Thika, nilianza kuchora kwa kidole kwenye simu. Nilitumia ibisPaint, ile ya bure yenye matangazo. Ndani yake kuna stebilaiza: ukitetemeka, inakunyooshea mstari. Marafiki wanaochora walikuwa wakibishana kila siku: mstari ulionyooshwa na programu ni wako kweli? Mimi nilisema si wako. Nikaizima, nikafanya mazoezi mwezi mzima. Mkono utoke begani, si kwenye kifundo. Mstari mmoja mrefu, si vijistari ishirini vya kupapasapapasa. Nikajiona mkweli kuliko wote.

Kisha mama mmoja jirani, muuza mboga, akaniomba nimchoree marehemu mumewe. Alikuwa na picha moja tu: mzee ameketi nje kwenye kiti cha plastiki, jua la asubuhi. Mistari ilitoka safi. Ngozi nikaipaka kahawia, nikafungua leya nyingine, nikatia kivuli kwa rangi nyeusi: chini ya kidevu, kando ya pua, mashavu yote mawili. Nikamtumia.

Kesho yake akaniuliza kwa upole, "Kwani mwanangu, ulimchora akiwa mgonjwa?"

Nilirudi kwenye picha. Jua lilitoka kushoto, lakini mimi nilikuwa nimetia giza pande zote. Chini ya kidevu hapakuwa na weusi wowote. Udongo wetu mwekundu ulikuwa unarudisha mwanga juu, kwa hivyo kivuli chenyewe kilikuwa na wekundu, kama chai ya rangi. Kwenye paji la uso mlikuwa na ubuluu kidogo wa anga. Vyote vilikuwa pale. Sikuwa nimemtazama mzee wa watu. Nilichora dhana yangu tu, kwamba ngozi nyeusi ikiingia kivulini inazidi kuwa nyeusi, basi.

Kosa hili ni la zamani. Kwa miaka mingi Kodak ilisambaza kadi za kupimia rangi zenye picha ya mwanamke mzungu, zikaitwa Shirley, na ngozi zetu zikatoka vibaya kwenye filamu. Lakini mimi sina kisingizio hicho. Nyuso hizi nimekua nazo.

Siku hizi stebilaiza nimeiwasha. Fundi akitumia rula, hajamdanganya mtu. Ukimchora mtu, unachodaiwa ni kumtazama, na hiyo kazi hakuna programu itakayokufanyia. Kabla ya kugusa rangi, jiulize jua liko wapi, na limegonga nini kabla ya kufika usoni.

Nilimchora mzee upya, kivuli nikakitoa kwenye kahawia iliyoelekea wekundu. Mama alishika simu kwa muda mrefu, akafuta kioo kwa leso, akatazama tena. "Sasa huyu ndiye," akasema. Mistari niliichoraje, hakuuliza.